Kaburi Lisilo na Saruji

Kornelia alirudi kutoka sokoni na kikapu kitupu, akashuka kwenye pikipiki pale mfereji unapokata barabara. Ndizi zilikuwa zimetoka mapema siku hiyo. Alisikia mngurumo juu kule kwenye migomba, akadhani lori la kokoto limekwama tena kwa jirani, akaanza kupanda taratibu kama anavyopanda siku zote, akisalimiana na watu waliokuwa wakipalilia. Walimjibu haraka haraka, kisha wakainama. Jambo hilo lilimshangaza kidogo. Alipokata kona ya mwisho akajua kwa nini.

Katapila la manjano lilikuwa limesimama katikati ya kihamba chake, lile shamba la ukoo lililozunguka nyumba. Nyuma yake ilikuwepo njia pana ya udongo mwekundu, imepasuliwa kuanzia ukingoni hadi karibu na banda la ng'ombe. Migomba ilikuwa imelala huku na huku ikiwa na mikungu yake michanga, na mibuni aliyoipanda marehemu mumewe ilikuwa imegeuzwa mizizi juu. Siku nyingine yoyote, Kornelia angepiga yowe kwa ajili ya ile mibuni. Lakini hakuitazama. Aliipita, akaipita na mashine yenyewe, akaenda moja kwa moja nyuma ya nyumba.

Nyuma ya nyumba palikuwa na vichaka viwili vya masale, majani ya mila ya mlimani, vimesimama bega kwa bega miaka yote hiyo. Sasa havikuwepo. Vilikuwa vimeng'olewa na kutupwa kwenye lundo, pamoja na takataka nyingine za shambani. Ardhi ilikuwa bado haijachimbwa, ila meno ya katapila yalikuwa yameacha mistari juu yake.

"Zima!" alisema Kornelia. Sauti haikutoka. Akakishusha kikapu kichwani, akakirusha kikagonga mlango wa mashine. "Zima hilo dude!"

Dereva alizima. Alikuwa mwanamume wa makamo, mtu wa Pasua kule mjini, jina lake Nurdin. Alichungulia kutoka juu.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Nani kakutuma hapa?"

"Umoja wenu, mama. Umoja wa Ardhi ya Ukoo. Barabara ya kwenda kwenye kambi ya watalii. Si mmeshakubaliana?"

"Umeng'oa nini hapa?"

Nurdin alitazama. "Majani haya? Mama, nimeonyeshwa ramani. Kila kaburi limewekewa msalaba. La mzee pale mbele nimelikwepa, si unaliona? Hapa nyuma hapana msalaba. Nimeambiwa ni majani tu ya mpaka."

"Hapo yupo mtoto wangu," alisema Kornelia. "Wa kwanza."

Dereva alifungua mlango. Kisha alishuka, akavua kofia, akaangalia viatu vyake vilipokanyaga, akavihamisha.

"Astaghfirullahi. Hawakuniambia, mama. Kweli hawakuniambia."

"Hawajui."

"Babu yake hajui? Baba zake wakubwa?"

"Watoto wachanga huwa wanazikwa na wanawake," alisema Kornelia, kana kwamba anamweleza mtu namna ya kupika. "Mwanamume haji."

Nurdin aliitikia kwa kichwa, ingawa kwao mambo hayako hivyo. Alisema atawaambia mashine imepata hitilafu. "Lakini sitaweza kuwadanganya wiki nzima. Nikikataa mimi wataleta mwingine. Nenda kaongee na watu wako, mama. Nenda leo."

*

Umoja haukuanzishwa kwa ubaya, na hili lazima lisemwe. Mmoja wa vijana wa ukoo alikuwa amejaribu kuuza kihamba cha baba yake kwa mtu asiyejulikana, na wazee wakaona wasipojikaza, siku moja watoto wao watahitaji ruhusa ya wageni kwenda kuwasha mshumaa kwenye kaburi la babu. Wakaviunganisha vihamba vyote chini ya hati moja ya kimila na kuchagua viongozi. Kila kaya ingeendelea kulima palepale ilipo, ila hakuna ambaye angeweza kuuza, kukodisha au kuweka rehani bila Umoja kukubali. Kornelia mwenyewe alichinja kuku siku ile na kushangilia.

Katiba ya Umoja ilisema kuwa mwanachama ni mwanamume aliyezaliwa ndani ya ukoo. Binti ataolewa, aende zake. Mke ametoka kwa watu wengine. Mjane anawekewa msimamizi. Wakati ule hakuna aliyeona neno baya hapo, kwa kuwa ndivyo watu walivyoishi tangu zamani, na jambo ulilolizoea huwezi kuliona mpaka siku linapokukalia.

Mwenyekiti alikuwa Sylvanus, kaka wa marehemu mumewe Kornelia. Alikuwa amestaafu kazi serikalini na sasa aliishi Rau, kwenye nyumba yenye geti jeusi. Kornelia alifika pale akiwa bado na udongo kwenye kanga. Mlinzi alimwambia asubiri nje. Alipomwambia kuwa yeye ni shemeji wa mzee, mlinzi akamtazama miguuni, akamwambia asubiri hivyohivyo. Alisubiri juani. Hatimaye alifunguliwa na Evelyn, mke wa Sylvanus.

"Jamani, Mama Hilda! Nani amekusimamisha huku kama muuza mchicha?" Evelyn alimgeukia mlinzi, "Wewe una macho ya nini?" akamvuta Kornelia kwa mkono. Alimpa maji, akaona udongo kwenye kanga, akauliza kuna msiba gani. Kornelia akamweleza. Evelyn alishika kifua, akaondoka kwenda jikoni na hakurudi.

Sylvanus alimpokea sebuleni. Alikuwepo pia mwanawe Ronald, mwanasheria anayefanya kazi Arusha na katibu wa Umoja, akiwa na kompyuta mapajani.

"Pole sana, shemeji," alisema Sylvanus. "Mambo ya kazi. Dereva angekuambia kwanza."

"Kuna mtoto pale."

"Nimekusikia. Sasa, shemeji, sikatai. Ila tuliwaita wazee wote wa ukoo tulipopima. Tulitembea kihamba kwa kihamba. Hakuna aliyetaja kitu hapo."

"Mimi hamkuniita."

"Wewe ungeitwaje? Ulikuwa unawakilishwa."

"Na nani?"

Ronald alijibu bila kuinua macho. "Na msimamizi wako, mama mdogo. Utaratibu ni kwamba malalamiko ya mjane yanapitia kwa msimamizi wake, naye anayafikisha kwa mwenyekiti."

"Na msimamizi wangu ni nani?"

Ronald alimtazama baba yake. Sylvanus alikohoa.

"Ni mimi."

"Basi nakuomba, msimamizi wangu," alisema Kornelia taratibu, "umfikishie mwenyekiti malalamiko yangu. Mwambie apitishe barabara kule chini, kando ya mto. Pale hakuna mtu."

Kule chini, kando ya mto, Sylvanus alikuwa anajenga nyumba ya kufikia wakati wa Krismasi, na ukuta wake ulikuwa umeshafika usawa wa kifua. Kila mtu ndani ya chumba kile alilijua hilo. Sylvanus alisema watalifikiria. Ronald alisema ramani imeshapitishwa, na kwamba fedha za kambi zitasomesha watoto wa ukoo wote, pamoja na wajukuu wa mama mdogo, Mungu akijalia. Kisha akafunga kompyuta, jambo ambalo katika nyumba ile lilikuwa na maana ya kwaheri.

*

Binti yake, Hilda, alikuwa fundi cherehani Shirimatunda. Aliposikia, alifunga mashine yake, akapanda nyumbani jioni ileile. Hakulia. Alimkuta mama yake amekaa juu ya kigoda nyuma ya nyumba, amevirudisha vile vichaka vya masale kwenye udongo na kuviegemeza kwa miti.

"Vitashika?" aliuliza Hilda.

"Masale hayafi upesi."

"Mama, hujawahi kuniambia."

"Ungefanya nini nikikuambia? Alizaliwa amekwisha kufa. Padri hakuja, maana hakubatizwa. Baba yako alikuwa kazini. Bibi yako alichimba mwenyewe, akanionyesha kutoka dirishani, nilikuwa bado siwezi kusimama. Akapanda haya. Akaniambia, ukipita hapa salimia, usisimame sana. Ndio nimekuwa nikisalimia."

Kesho yake walishuka pamoja hadi ofisi ya kata. Baraza la kata liliwasikiliza vizuri. Katibu wake, mtu mpole, alisema kwamba kama kweli kuna kaburi, basi kazi isimame mpaka shauri lisikilizwe, na akawapangia siku. Wakati wa kurudi Hilda alinunua soda mbili dukani na mama yake akacheka kwa mara ya kwanza tangu lile katapila lije.

Siku chache kabla ya shauri, Sylvanus alikuja mwenyewe.

Alikuja kwa miguu kutoka barabarani, bila gari, akiwa na wazee wawili wa ukoo. Mmoja alibeba mbege, pombe ya ndizi. Sylvanus alikuwa ameshika jani moja la masale, isale ya kuombea msamaha, limefungwa fundo katikati kama inavyotakiwa. Kornelia aliliona kutoka mbali. Tangu aolewe hapo alikuwa ameona jani lile likiletwa mara chache, na kila mara mambo yaliyoshindikana kwa mapadri na polisi yalikwisha palepale. Anayeletewa isale hana njia mbili. Akilikataa, ubaya unamgeukia yeye na nyumba yake, na hakuna wa kumwonea huruma.

Sylvanus alipiga goti. Mzee wa umri ule, mwenye goti bovu, juu ya udongo.

"Mke wa mdogo wangu, tumekukosea. Tumekanyaga pasipokanyagwa. Nisamehe."

Machozi yalimtoka Kornelia. Alilipokea jani kwa mikono miwili. Aliona kwamba mtu anayekuomba msamaha kwa kukukanyaga, basi ameshauondoa mguu. Hakuuliza habari za barabara. Hakuna mtu aliyelelewa mlimani ambaye angeuliza. Kuuliza masharti mbele ya isale ni kama kuhesabu vipande vya nyama mbele ya aliyekukaribisha. Wakanywa mbege, wazee wakambariki, wakaondoka wakipiga soga.

Hilda alipofika Jumamosi alilikuta jani limewekwa ndani ya glasi ya maji, juu ya kabati, karibu na picha ya baba yake.

"Mama. Ulipokea?"

"Baba yako mkubwa alipiga goti, Hilda."

"Alisema barabara imefutwa?"

"Alisema nisamehe."

"Naelewa. Kuhusu barabara alisema nini?"

Kornelia alifikiri kwa muda mrefu. Alijaribu kukumbuka maneno yote ya siku ile, moja baada ya jingine.

"Hakusema kitu," alijibu.

Hilda alikaa kitandani. "Ee Mungu wangu," alisema. "Wamekumaliza kwa mila yako mwenyewe."

*

Barazani haikuchukua muda. Ronald alivaa suti na alizungumza kwa upole. Alisema Umoja unaheshimu mila kuliko chombo kingine chochote, ndiyo maana kabla ya kuja hapa wahusika wamekwisha kumaliza jambo kwa njia ya wazee. Wazee wawili walisimama wakathibitisha kuwa isale ilipelekwa, ikapokelewa, na mbege ikanywewa.

Katibu wa baraza alimgeukia Kornelia. Ilionekana wazi kwamba hakufurahia kuuliza.

"Mama, ulipokea au hukupokea?"

"Nilipokea."

"Kwa hiari yako?"

"Kwa hiari yangu."

"Basi, mama yangu, sisi tutasikiliza ugomvi gani tena? Nyie mmeshapatana."

Nje, chini ya ukuta wa ofisi, Kornelia alimfuata Ronald hadi kwenye gari. Hilda alitaka kumzuia, akamwacha.

"Ronald, mwanangu. Mimi nilisamehe mliyofanya. Sikuruhusu mtakayofanya."

"Mama mdogo, naelewa uchungu wako. Lakini katika sheria hivyo viwili vinakwenda pamoja."

"Nani kaviunganisha?"

Ronald alitabasamu kama anavyotabasamu mtu aliyechoka na mtoto. "Tumefikiria pia kuweka kumbukumbu. Kimnara kidogo, cha saruji, pembeni ya barabara. Tutaandika Watoto wa Ukoo. Watalii nao watapenda, ni sehemu ya historia yetu."

"Mtoto wangu hayuko pembeni ya barabara."

"Mama mdogo..."

"Nilikubeba mgongoni, wewe. Mama yako alipolazwa Mawenzi nilikulisha uji. Unanizungumzisha kama mtu wa bima."

Ronald aliingia garini. Alipandisha kioo, kisha akakishusha tena kidogo, na kwa sekunde moja alionekana kama mtu anayetaka kusema jambo jingine. Alisema, "Katapila linaanza kazi tena Jumatatu. Tafadhali usiwe pale, utajiumiza bure."

*

Jumapili baada ya misa Umoja ulifanya mkutano wake kwenye kiwanja cha Sylvanus kule chini, kando ya ule ukuta. Mbuzi watatu walichinjwa. Wanaume walikaa kwenye viti vya plastiki chini ya turubai, na mbele yao palikuwa na meza yenye kitambaa cheupe na chupa za soda. Wanawake walikuwa nyuma, kwenye moshi, wakigeuza machalari, ndizi na nyama, kwenye masufuria. Ajenda ilikuwa kupitisha rasmi ujenzi wa barabara ili kazi isiingiliwe tena na mtu. Nurdin naye alikuwa amealikwa, amewekwa kiti cha mwisho, ili aonyeshwe wenye mali ni akina nani.

Kornelia alipika na wenzake bila kusema. Sylvanus aliposimama kufungua mkutano, Kornelia alinawa mikono, akaifunga kanga vizuri, akalitoa jani la isale kwenye mkoba wake na kuzunguka upande wa mbele.

"Shemeji," alisema Sylvanus, "chakula bado."

"Sijaleta chakula."

Mzee mmoja alinong'ona kwa sauti iliyosikika na wote, "Mke hasemi kwenye mkutano wa Umoja."

"Ni kweli, baba," alisema Kornelia. "Mimi natakiwa nisemewe na msimamizi. Msimamizi wangu huyu hapa. Basi aombe ruhusa kwa mwenyekiti, kisha mwenyekiti amjibu. Sisi tutasubiri."

Baadhi ya vijana walicheka. Sylvanus hakucheka.

Kornelia alinyoosha mikono yote miwili, jani likiwa juu yake.

"Hili uliniletea. Nimekurudishia."

Kicheko kilikatika. Hakuna mtu pale, mwenye mvi au asiye nazo, aliyewahi kuona isale ikirudishwa. Sylvanus alirudi nyuma hatua moja na kuficha mikono mgongoni, kama mtoto aliyeletewa dawa.

"Mama Hilda," alisema yule mzee, na sasa hakunong'ona. "Hilo halifanywi. Unajilaani mwenyewe. Una binti."

"Najua. Nimeongea na binti yangu. Hili halifanywi, baba. Na la kumpigia mtu goti ili umpitishie katapila juu ya mtoto wake, hilo linafanywa? Mnifundishe, mimi nimetoka kwa watu wengine."

Kwa kuwa Sylvanus hakutoa mikono, Kornelia alilaza jani juu ya kitambaa cheupe, katikati ya chupa. Wazee waliokuwa karibu na meza walisogeza viti.

Ronald ndiye aliyejikusanya kwanza. Alisimama, akafungua kifungo cha koti.

"Ndugu wajumbe, tutulie. Hili ni jambo la huzuni lakini ni la mtu mmoja. Makaburi yote ya ukoo huu yanajulikana. Tulizunguka na wazee, tukayaweka yote kwenye ramani. Kama lipo moja lililosahaulika..."

"Mlizunguka na nani?"

Sauti ilitoka nyuma, kwenye moshi. Evelyn alikuwa amesimama akiwa na upawa mkononi. Alikuwa mwanamke asiyeinua sauti, na hata sasa hakuiinua.

"Na wazee, mama," alisema Ronald.

"Mzee gani kati ya hawa amewahi kuzika mtoto mchanga?"

"Mama, tafadhali. Huu ni mkutano."

"Nauliza. Asimame nimwone." Hakusimama mtu. Evelyn alikuja mbele, akipita katikati ya viti, na mchuzi ukidondoka kutoka kwenye upawa. Alisimama karibu na Kornelia na kumtazama mumewe. "Baba Ronald. Wa kwetu yuko wapi?"

"Wa kwetu nani?"

"Kabla ya Ronald."

Sylvanus alifungua mdomo. Ilionekana usoni mwake kwamba alikuwa analitafuta jambo mahali fulani mbali, miaka mingi nyuma, wakati akiwa Dodoma na barua za nyumbani zikichelewa. Alikumbuka mimba. Alikumbuka kurudi likizo na kumkuta mkewe amekonda, anachota maji.

"Mama yangu alisema amelishughulikia," alisema hatimaye.

"Alilishughulikia. Na wewe hukuuliza wapi. Nilikungoja uulize. Nikangoja Krismasi ile, na nyingine. Unapita juu yake, unarudi, hujui. Na sasa umekaa mbele za watu unawaambia kwamba makaburi yote yanajulikana."

Ronald alikuwa ameshika kalamu. Uso wake ulikuwa umebadilika, umekuwa wa kijana.

"Mama," alisema, "nionyeshe. Nitaliweka kwenye ramani leo leo."

"Sikuonyeshi."

"Mama..."

"Nikikuonyesha utalizungushia duara, uchimbe pengine pote. Sikuonyeshi. Mtakapotaka kuchimba, popote, hata shimo la choo, njooni mniulize kwanza kama ni hapo. Nitawajibu nikijisikia."

Nyuma kwenye moshi mwanamke mmoja alisema, "Na mimi wangu wawili. Hao nao watafuteni." Mwingine akasema wake yuko juu kabisa, kulekule kwa watalii, au labda yuko huku chini, yeye mwenyewe amesahau, wamsamehe uzee. Wakacheka, kicheko kikavu kisichokuwa na furaha hata kidogo. Mama mmoja kizee, aliyekuwa amekaa juu ya jiwe akimenya ndizi, alitua kisu. Alinyanyua vidole vitatu tu, akaendelea kumenya.

Kutoka kiti cha mwisho, Nurdin alisimama, akavaa kofia. "Mwenyekiti," alisema, "mimi sichimbi hapa. Si kwa hasira. Siwezi tu."

"Tuendelee na kura," alisema Sylvanus kwa sauti isiyokuwa yake. "Wanaoafiki barabara ipite ilipopangwa, wanyooshe mikono."

Hakuna mkono ulionyooka. Wanaume walikuwa wamegeuza shingo kuelekea kwenye masufuria, kila mmoja akimtazama mkewe au mama yake, na wengi wao, ungeona wazi, walikuwa wakijaribu kukumbuka mwaka fulani ambao hawakuwahi kuuliza habari zake. Sylvanus aliingoja ile mikono. Kisha akaacha kuingoja. Alizunguka meza, akalipita lile jani bila kuligusa, akamsogelea mkewe mpaka watu wa kiti cha mbele tu ndio walioweza kusikia.

"Alikuwa wa kike au wa kiume?" aliuliza.

Evelyn aliuweka upawa mezani.

"Kwanza ondoa katapila kwa Mama Hilda," alisema.